Msafarani nilikuwepo, makaratasi yanasema sikuwepo

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Moshi. Naishi Texas na mke wangu na watoto wetu wawili. Safu yako naisoma kila inapotoka, na mara nyingi nimecheka matatizo ya wenzangu. Leo zamu imenifikia.

Nilikuja Marekani mwaka 2007 kwa bahati nasibu ya viza. Miaka miwili baadaye nikajiunga na jeshi la nchi kavu. Sikujiunga kwa ushujaa. Nilikuwa na kazi mbili, mchana naosha vyombo hotelini, usiku napanga maboksi ghalani, na jeshi lilikuwa na mshahara, bima na uraia wa haraka. Nikapangiwa udereva wa malori. Nyumbani waliposikia wakacheka: umevuka bahari yote hiyo kwenda kuendesha fuso?

Mwaka 2011 nikapelekwa Afghanistan. Siku moja ya mwezi wa nane kombania nyingine ilipungukiwa dereva, aliharisha usiku kucha, wakaja kuniazima mimi. Nikaingia kwenye msafara wa watu ambao hata majina yao sikuyashika vizuri, isipokuwa mmoja, kijana wa Georgia, nitamwita D. Tulikuwa tunatoka Kabul kuelekea Ghazni. Tulipofika Wardak, lori la mbele yangu, alilokuwamo D., likalipukiwa na bomu lililotegwa ndani ya kalavati. Mlipuko wenyewe siukumbuki. Nakumbuka kioo kimejaa vumbi na lile lori limeinamia pua yake. Kisha risasi zikaanza kutoka kwenye mashamba ya matofaa upande wa kulia. Zilikuwa zinagonga mlango wangu kama mtoto anayerusha kokoto kwenye bati. Redioni sauti ikawa inasema: endesha, endesha, usisimame. Nikalipita lile lori kwa pembeni. Nikamwona D. anatoka mlangoni kwa kutambaa. Sikusimama. Bunduki yangu ilikuwa ubavuni mwa kiti na sikuigusa. Tulipofika mahali pa kukusanyika vidole vyangu vilikataa kuachia usukani, ikabidi askari mwingine anibandue kimoja kimoja.

D. na mwenzake waliokolewa na gari la ulinzi lililokuwa nyuma. Mwenzake alipoteza mguu. D. aliumia kichwa na mgongo.

Usiku ule nilimwandikia dada yangu mkubwa barua pepe. Mama sikuweza kumwandikia.

Miezi michache baadaye watu wa msafara ule wakavishwa ile beji ya fedha yenye singe na guruneti, inayoitwa Combat Action Badge. Mimi nilisharudi kombania yangu. Karani akaniambia karatasi zangu zinakuja. Nikatoka jeshini 2013, na ile hati ya kumaliza utumishi, DD 214, imeandika medali ya kampeni ya Afghanistan na mengine madogo. Beji haimo.

Baadaye nikaja kugundua kilichotokea. Jeshini jina langu la ukoo ni la babu, kama lilivyo kwenye pasipoti. Usiku wa safari, getini, sajini aliponiuliza jina nikamtajia langu na la baba, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya. Akaandika hivyo. Basi kwenye orodha ya msafara yumo mtu ambaye jeshi halimjui, na mimi wanayenijua simo.

Miaka yote hiyo niliacha. Halafu mwaka jana mdogo wangu wa kike aliolewa Moshi. MC akashika kipaza sauti: “Na sasa tumkaribishe kaka wa bibi harusi, shujaa aliyevishwa nishani ya vita na Rais wa Marekani!” Kaka yangu ndiye aliyempa maneno hayo. Ukumbi mzima vigelegele. Mama analia kwa furaha. Nami, Mama, nilisimama nikapunga mkono.

Niliporudi Texas nikaandikia ofisi inayoshughulikia nishani. Wakajibu kwamba katika faili langu hakuna amri ya kunipa beji hiyo, na nikitaka naweza kwenda kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi. Nimekwama hapo.

Yule sajini, sasa amestaafu, nimempata. Anasema: “Andika unavyotaka, nitasaini. Sema ulirudisha risasi, watakupa haraka.” D. naye ndiye aliyeniona kwa macho yake, lakini mkewe amenisihi nisimtajie Afghanistan, kwamba kila anapokumbushwa hukaa wiki nzima hasemi. Mke wangu anauliza hilo bati litatulisha lini. Rafiki yangu kazini anasema bila beji hata nisijisumbue kwenda kudai fidia ya masikio na usingizi, nitaonekana dereva tu. Masikio yangu yanalia kama nyenje tangu siku ile. Nikiwa barabara kuu nikaona mfuko wa takataka ukingoni, nahama njia kabla sijafikiri.

Na la mwisho, ambalo sijamwambia mtu. Sijui kama nastahili. Sikurusha hata risasi moja, na nilimpita D. akiwa chini. Je, nifungue shauri hili au niliache lilivyo? Nimwombe D. aandike? Na mama yangu nimwambie nini?

Dereva, Texas

*

Marahaba, mwanangu.

Watu wengi wanaoniandikia huanza na jambo jepesi na kulificha lile zito chini karibu na sahihi. Wewe pia umefanya hivyo, kwa hiyo nitaanzia chini.

Nikikuelewa vizuri, umefunga mambo mawili kwa kamba moja. La kwanza ni la makaratasi: ulikuwapo mahali fulani siku fulani, na jina liliandikwa vibaya. La pili ni D. anayetambaa, na wewe unayepita. Unaona kwamba bodi ikikupa beji itakuwa imekusamehe hilo la pili, na ikikunyima itakuwa imekuhukumu. Ndiyo maana umekaa miaka yote bila kujaza fomu. Mtu haogopi fomu. Labda nimekosea, lakini hebu tuyafungue haya mawili tuyatazame kila moja peke yake.

Umesema hukurusha risasi, basi hustahili. Nani alikuambia beji hiyo ni ya waliorusha risasi? Iliidhinishwa Mei 2005, ikahesabiwa kurudi nyuma hadi Septemba 18, 2001, kwa sababu vita vya Iraq na Afghanistan vilikuwa vimeondoa ule mstari wa mbele na nyuma. Askari wa miguu walikuwa na beji yao tangu 1943 na matabibu wa vita walikuwa na yao. Madereva, mafundi, wahandisi na wapishi hawakuwa na kitu, na huku bomu la barabarani likiua dereva kabla ya mwingine yeyote. Masharti yake yanasema askari awe alikuwepo mwenyewe, akimshambulia adui au akishambuliwa na adui, na awe alitenda kazi yake inavyotakiwa. Rudia hayo maneno: au akishambuliwa. Risasi zilizogonga mlango wako hazikuwa salamu.

Na kazi yako siku ile ilikuwa ipi? Umeniandikia mwenyewe: redio ilisema endesha, usisimame. Msafara ukivamiwa, magari yenye uwezo wa kutembea hutolewa kwenye eneo la risasi, na gari la ulinzi huwarudia waliokwama. Lori lako lingesimama pale njiani, gari lililomwokoa D. lingepita wapi? Siulizi hivyo ili nikuondolee uzito. Uzito wa kumwona mwenzako chini hauondolewi na hoja. Nataka tu uone kwamba neno “nilimpita” umelichagua wewe, na redio ilitumia neno jingine.

Marehemu mume wangu alikwenda vita vya Kagera kama mgambo, mwaka 1978, akarudi 1979. Watoto walipomuuliza alikuwa akisema, “Mimi sikupigana, nilibeba mabomu ya mzinga.” Nami nikawa namuuliza, hayo mabomu yangejibeba? Alikuwa akicheka, lakini hakuwahi kulibadilisha jibu lake. Kwa hiyo sitashangaa na wewe usipolibadilisha lako.

Sasa la makaratasi. Bodi uliyoelekezwa inatokana na sheria ya mwaka 1946. Kabla ya hapo askari aliyeandikwa vibaya ilibidi Bunge la Marekani lipitishe muswada kwa ajili yake mtu mmoja, na vita kuu vya pili vilipokwisha bunge likaona halitamaliza. Siku hizi unajaza fomu DD 149, unaambatanisha ushahidi, hulipi kitu, na si lazima uwe na wakili. Raia watatu husoma faili na kupiga kura. Mara nyingi hawakuiti, wanasoma karatasi tu. Wakikubali, hutolewa fomu DD 215 ya kusahihisha ile hati yako.

Muda wa kuomba ni miaka mitatu tangu mtu alipogundua kosa. Wewe umepita. Bodi ina ruhusa ya kusamehe ucheleweshaji ikiona haki inataka hivyo, lakini utatakiwa kueleza kwa nini ulikaa kimya. Utaeleza nini? Kama ni kwamba ulisubiri karani, kisha maisha yakakubeba, kisha ukaona aibu, sioni ubaya wa kuandika hayohayo.

Jambo linalowaangusha wengi ni kwamba bodi huanza kwa kuamini faili. Inachukulia kwamba jeshi liliandika sawasawa mpaka mwombaji aoneshe vinginevyo, na mizani inatakiwa iinamie upande wako walau kidogo. Kwa hiyo hadithi yako peke yake, hata ikiwa ya kweli kiasi gani, huenda isitoshe. Unahitaji vitu vya siku zile. Nakala ya amri iliyowapa wenzako beji, inayotaja tarehe na tukio. Orodha ya msafara yenye jina la baba yako. Pasipoti au cheti cha kuzaliwa kinachoonesha majina yote matatu, pamoja na maelezo mafupi ya jinsi watu wa kwetu wanavyoitana, kwa sababu mtu wa bodi, huko Virginia, hawezi kujua kwamba la baba na la babu ni ya mtu mmoja yuleyule. Karatasi yoyote ya kuonesha uliazimwa kwa kombania ile. Vikosi vingi vilivyokwenda Iraq na Afghanistan havikutunza vizuri kumbukumbu za uwanjani, kwa hiyo usishangae ukiambiwa hiki au kile hakipo.

Kuna kimoja ukitafute kabla hujatuma chochote. Uliporudi kutoka Afghanistan ulijaza dodoso la afya, fomu DD 2796, linalouliza kama ulikuwa karibu na mlipuko na kama ulishambuliwa. Uliweka alama wapi? Vijana wengi walijibu “hapana” kila mahali ili waruhusiwe kwenda nyumbani mapema. Ukiwa ulijibu “ndiyo”, una shahidi wa karatasi. Ukiwa ulijibu “hapana”, heri ulijue hilo wewe kwanza na ulieleze, kuliko bodi ikutane nalo peke yake.

Nije kwa sajini wako. Naamini ana nia njema, na pengine dhamiri inamsumbua kwa jina alilolikosea. Lakini angalia anachokupa. Fomu ile ina onyo la adhabu kwa anayedanganya kwa makusudi, kifungo kinaweza kufika miaka mitano. Hata tukiliweka gereza kando: ukipewa beji kwa risasi ambayo hukuirusha, utakuwa umepata beji ya mtu mwingine, na yule dereva aliyebanduliwa vidole kwenye usukani atabaki hajaandikwa popote. Anachoweza kukupa kilicho kizuri zaidi ni kile anachokijua kweli: kwamba getini aliuliza jina, ukamjibu hivi, akaandika hivi, na gari lako lilikuwa la ngapi kwenye msafara. Maneno mawili matatu ya kweli kutoka kwa aliyeshika kalamu usiku ule. Je, umewahi kumwomba hayo, au mlirukia moja kwa moja kwenye risasi?

D. ni mgumu zaidi, na hapa sina njia safi ya kukupa. Ukimwomba, unaweza kumrudisha Wardak. Usipomwomba kabisa, mkewe na wewe mnakuwa mmeamua kwa niaba yake kwamba yeye ni chombo kilichopasuka, na huenda naye ana lake la kukuambia. Umewahi kufikiri kwamba huenda hakumbuki kama ulimpita? Au anakumbuka na hakuwahi kuona kosa? Sijui. Wewe pia hujui, na miaka yote hii umekuwa ukimjibia.

Unaweza kuanza na watu wengine wa msafara ule, ukamwacha yeye awe wa mwisho. Unaweza kumwambia mkewe tu kwamba una shauri hili na unahitaji shahidi, yeye achague lini na kama atamwambia, bila wewe kuuliza tena. Unaweza pia kumpigia simu kwa ajili yake mwenyewe, kumjulia hali, na fomu usiitaje hata kidogo. Hiyo ya mwisho haina faida yoyote kwa shauri lako. Naitaja kwa sababu katika barua nzima sikuona mahali umeandika kwamba mmewahi kuongea tangu siku ile.

Kuhusu fidia, rafiki yako wa kazini amekuchanganya, na hili naomba ulichukue haraka kuliko mengine. Beji yenyewe haina hata senti. Ni kweli kwamba Idara ya Maveterani ikiiona huwa haibishani kama mtu aliingia vitani, na hilo hurahisisha. Lakini mlango wa idara hiyo haufungwi na beji. Tangu Julai 2010 kanuni zake zinasema kwamba kwa ugonjwa wa kiwewe, askari aliyekuwa mahali penye hofu ya adui, na maelezo yake yakalingana na mahali na mazingira ya utumishi wake, hatakiwi kuleta ushahidi mwingine wa tukio lenyewe, ilimradi daktari wa akili wa idara au anayefanya kazi kwa mkataba wake athibitishe uhusiano. Hati yako tayari inaonesha Afghanistan na inaonesha dereva. Masikio yanayolia nayo hupimwa na kudaiwa kwa njia yake. Unaweza kufungua dai hilo kesho, na shauri la beji likaendelea au lisiendelee.

Wapo maofisa wa kuwasaidia maveterani bure, kwenye ofisi za kaunti nyingi huko Texas na kwenye vyama kama American Legion, VFW na DAV. Muulize anayekusaidia kama ana kibali cha idara, na jihadhari na anayedai asilimia ya fidia yako. Na vipo vituo vinavyoitwa Vet Center, takriban 300 nchi nzima, vya kuongea na mshauri bila malipo kwa waliotumikia kwenye eneo la vita. Wengi wa washauri hao wenyewe ni maveterani. Usiku ukizidi, namba ni 988 kisha unabonyeza 1. Hukuniambia kwamba umefika huko. Nakuandikia kwa sababu ya vile vidole, na ule mfuko wa takataka.

Sasa Moshi. Mwanangu, sote tumewahi kuhudhuria harusi, tunawajua ma-MC. Angeweza kukupandisha cheo hadi jenerali na hakuna ambaye angeomba karatasi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2013 kuhusu wanaojivika nishani, na beji hii imetajwa ndani yake, inamhusu anayedanganya ili apate fedha au faida. Kupunga mkono ukumbini si hilo. Lakini hukuniandikia kwa kuogopa polisi. Umeniandikia kwa sababu ya machozi ya mama yako.

Ninachojiuliza ni kama kasi uliyorudi nayo Texas kuandika barua ile ilikuwa ya kutafuta haki yako ya 2011, au ya kuufanya uongo wa kaka yako uwe kweli kabla mama hajajua. Zote mbili zinaweza kuwamo kwa pamoja. Ila angalia: hata bodi ikikupa kila unachoomba, Rais hakukuvisha kitu, na beji si nishani ya ushujaa. Kwa hiyo jambo la mama bodi haiwezi kulimaliza kwa niaba yako. Unaweza kumwambia sasa, au baadaye, au usimwambie kamwe, na kila njia ina gharama yake. Ukinyamaza, utakuwa unasikia hadithi ile kila likizo, ikinenepa. Ukisema, utamwaibisha kaka yako na pengine utamnyang'anya mama kitu alichokwisha kuwaonesha majirani. Ungetaka kusema, ningekuuliza: lazima uanze na “sikupewa nishani”? Mama yako hajui lolote la Wardak. Akisimuliwa siku ile yenyewe, kalavati, matofaa, mlango, huenda suala la nani alikuvisha nini likawa dogo kwake. Huenda pia lisiwe. Wewe ndiye unayemjua.

Mke wako amesema bati, na umelichukulia kuwa dharau. Amewahi kusikia habari ya vidole? Mtu aliyeona miaka kumi na zaidi mumewe anahamahama njia barabarani, haamki vizuri, hasemi kwa nini, kisha ghafla anamwona anakesha juu ya fomu za beji, anaweza kusema maneno makali kuliko anavyomaanisha.

Ukiamua kwenda mbele, jiandae kwa kungoja. Sheria inaitaka bodi ilimalize ombi lolote ndani ya miezi 18, na barua zao haziji na pole. Wakikataa watakuwa wamesema ushahidi hautoshi, hawatakuwa wamesema hukuwepo, na ukipata ushahidi mpya unaweza kuomba walitazame tena. Hayo ni rahisi kuyasoma mchana. Jiulize utayasomaje saa nane za usiku, na nani atakuwa amekaa nawe. Ukiamua kuacha, hilo nalo si woga. Wapo waliozikwa na amani yao bila bati lolote, na wapo walioomba wakiwa na miaka themanini. Huhitaji kunipa jibu mimi.

Ila kuna kitu kimoja kwenye barua yako ulikipita haraka kama ulivyolipita lile lori. Usiku uleule ulimwandikia dada yako barua pepe. Hiyo ina tarehe na saa, na iliandikwa na mtu ambaye hakuwa anaomba beji. Ikiwa ni ya Kiswahili, itafsiriwe na mtu anayeweza kuweka sahihi yake kwamba tafsiri ni sahihi, nayo inaweza kuingia kwenye faili. Bila kujali bodi, ningependa uisome. Wewe wa miaka 41 unakumbuka ulimpita D. Yule kijana wa usiku ule aliandika nini kuhusu jambo hilohilo, vumbi likiwa bado masikioni?

Dada yako bado anatumia anwani ileile? Muulize hilo kwanza, kisha uniandikie.